Dhamira ya biashara ndogo hainunuliwi saiba

Mhariri,

Anayeomba mkopo au zabuni hapa Nairobi siku hizi aghalabu huulizwa dhamira ya biashara yake, yaani maneno machache yanayoeleza kazi anayoifanya. Wengi hukimbilia saiba, duka la intaneti na uchapishaji, wakachapiwa ile ile aliyochapiwa jirani: “Kuwa kampuni inayoongoza Afrika Mashariki kwa huduma bora zinazomridhisha mteja.” Yabandike maneno hayo kwa kinyozi wa Umoja, duka la vipuri la Kirinyaga Road au karakana ya masanduku ya Kamukunji, yatakaa sawa kotekote. Hayamwambii mteja lolote, wala afisa wa mikopo.

Kosa la kwanza ni la kisarufi. “Kuwa” na “tutakuwa” ni maneno ya ruwaza, yaani unakotaka kufika. Serikali ilipozindua Ruwaza ya 2030 mwaka 2008, mwaka wa kufika ulikuwa ndani ya jina lenyewe. Dhamira huandikwa kwa “tuna-” kwa kuwa inaeleza kazi ya leo, tangu mlango unapofunguliwa asubuhi. Kosa la pili ni kuiandika kwanza kwa Kiingereza. Ukishatafsiri ukapata “tunatoa suluhisho”, fundi wako atauliza: la nini? Na atakuwa na haki.

Kazi yenyewe ianzie kwenye kitabu cha risiti na taarifa ya M-Pesa ya miezi 3. Kando ya kila malipo andika ni nani aliyenunua na alinunua nini, kisha jumlisha. Hapa wengi hushtuka. Anayejiita mtengenezaji samani hukuta pesa nyingi zinatokana na kukarabati milango, na mwenye hoteli hukuta kinachomlipia kodi ni chapati zinazochukuliwa na wenye vibanda alfajiri.

Ukiwa na hesabu hiyo, jibu maswali matatu: tunamhudumia nani, tunampa nini, na tunafanya vipi jambo ambalo jirani halifanyi. La tatu ndilo huwakwamisha watu, wakaishia kuandika “kwa ubora”. Jibu lake litafute kwenye malalamiko ya wateja wa kazi yako. Kwa wachomeleaji wa Kariobangi, tuseme, malalamiko ni mawili ya kila siku: mlango usiotoshea kwa sababu vipimo vililetwa kwa simu, na kutu inayochomoza mvua ya kwanza kwa sababu rangi ilipakwa juu ya mabaki ya kuchomelea ambayo hayakusuguliwa. Dhamira yao basi inaweza kusema hivi:

“Tunawaundia watu wanaojijengea nyumba Kayole, Utawala na Ruai milango na madirisha ya chuma. Vipimo tunavichukua wenyewe, na hakuna kitu kinachotoka karakanani kabla ya kusuguliwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu.”

Maneno 30, na kwa Kiswahili hayo ni mengi, maana kitenzi kimoja hubeba mzigo mzito. Maneno hayo sasa yana kazi. Mwanakandarasi akitaka madirisha 200 kufikia mwisho wa mwezi, jibu limo humo humo: hapana, sisi ni wa wanaojijengea nyumba. Mteja akipiga simu kutaja vipimo, kibarua aliye langoni anaweza kumwambia “lazima tuje tupime” bila kumngoja mwenye karakana. Lakini nauli ya kwenda Ruai lazima iingie kwenye bei, na asiyekuwa tayari kuibeba aifute ahadi ya vipimo mapema.

Usiandike “bei nafuu”, kwani chuma kikipanda utakuwa mwongo. “Kwa wakati” nayo ni hatari kwa kazi inayotegemea stima. “Kitaalamu” na “kisasa” ziondoe tu, hakuna atakayegundua zimetoka.

Kisha ijaribu. Isome mbele ya wafanyakazi Jumatatu bila kuwapa karatasi, na Alhamisi umwombe kila mmoja aiseme kwa maneno yake. Kilichosahauliwa na wote kikate. Sheria ya biashara ndogo ya 2012, ilipopitishwa, iliihesabu biashara yenye watu wasiofika 10 kuwa katika daraja la chini kabisa. Watu hao wanaenea kwenye mabenchi mawili, kwa hivyo sioni haja ya warsha ya hotelini wala mshauri wa kulipwa kwa siku. (Najua baadhi ya wenzangu katika kazi hii hawatafurahi.)

Ikishakubalika, iandikwe kwenye karatasi ya makadirio ya bei, pale mteja anapotia sahihi, na ukutani karibu na benchi ya kupimia. Bango la barabarani lingoje, kwani kaunti hulitoza ada na kulibadilisha ni gharama nyingine. Fomu ikidai Kiingereza, tafsiri sasa, sentensi zikiwa zimetulia.

Kila unapohuisha leseni ya kaunti, rudia hesabu ya risiti. Ikiwa zaidi ya nusu ya mapato yanatoka kwa watu wasiotajwa kwenye dhamira, kaa chini uamue: ubadilishe maneno, au uache zile kazi.

Mshauri wa biashara ndogo,
Nairobi