Barua kwa Makame kuhusu barabara za pwani

Oslo, Januari

Ndugu yangu mpenzi Makame,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, pamoja na mama na shemeji, na kwamba wageni unaowatembeza kwa baiskeli huko Paje hawajapungua. Sisi huku tu wazima. Uliniuliza swali ambalo nimeona halifai kujibiwa kwa ujumbe mfupi wa simu: mtu anapata faida gani kuendesha baiskeli sebuleni, mbele ya skrini, ilhali baiskeli yenyewe haiondoki mahali pake? Nimelifikiria kwa muda, na jibu langu linaishia katika ombi ambalo wewe tu, kati ya watu ninaowajua, unaweza kulitimiza.

Mwezi wa Desemba jua la hapa huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama saa tisa na dakika chache alasiri, na barabara huwa na barafu ambayo gurudumu jembamba haliwezi kuistahimili. Aliyezoea kuendesha kila siku ana njia mbili: aiweke baiskeli stoo hadi Aprili, au aiingize ndani. Mimi nimeiingiza ndani. Gurudumu la nyuma hutolewa, kisha fremu hupachikwa kwenye mashine yenye giya zake na gurudumu zito linalokazwa kwa sumaku ya umeme. Mashine hupima nguvu za miguu kwa wati na kuituma taarifa hiyo kwenye kompyuta. Programu nayo, kwa kuwa inajua mwinuko wa kila sehemu ya njia, huiamuru mashine ikaze au ilegee. Kasi hukokotolewa kutokana na nguvu zako, uzito wako na mwinamo wa barabara, na picha kwenye skrini husonga kwa kasi hiyo hiyo. Ukichoka, miti na nyumba hupita polepole. Ukiacha kukanyaga mlimani, barabara nzima inasimama ikikusubiri. Ndiyo maana siwezi kukubaliana nawe kwamba jambo hili ni sawa na kutazama televisheni.

Programu zenyewe ni za namna mbili. Zipo zilizochorwa, na inayojulikana zaidi ni Zwift, iliyoanza mwaka 2014, ambayo kisiwa chake kikuu, Watopia, ni cha kubuni ingawa kimewekwa juu ya Visiwa vya Solomon katika Bahari ya Pasifiki. Humo ndimo Shirikisho la Baiskeli la Kimataifa lilimofanyia mashindano yake ya kwanza ya dunia ya baiskeli za mtandaoni mwaka 2020, na upande wa wanawake alishinda Mwafrika, Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Naiheshimu Zwift kwa mashindano. Lakini moyo wangu uko kwenye namna ya pili, kama Rouvy na Kinomap, ambako mtu amepita kwenye barabara halisi na kamera, akarekodi picha na vipimo vya njia, na wewe unaipanda barabara ile ile kwa uzito wake ule ule. Barabara iliyochorwa humfurahisha mwendeshaji. Iliyorekodiwa humfundisha mahali, kwa sababu kila kona yake iliwekwa pale na mtu aliyekuwa na sababu.

Chukua Sa Calobra, katika kisiwa cha Mallorca, Hispania. Mwaka 1932 mhandisi Antonio Parietti alikamilisha barabara ya kushuka kutoka mlimani hadi kwenye ghuba ndogo iliyofichwa na majabali, mahali ambapo kabla ya hapo palifikiwa zaidi kwa mashua. Hakutoboa mlima, aliifuata sura yake, akaijaza njia kona kali, na mahali fulani, palipokuwa na nafasi finyu mno, akaizungusha barabara hata ikapita chini ya yenyewe. Tangu baharini hadi Coll dels Reis, penye mwinuko wa mita 682, ni takriban kilomita tisa na nusu, kwa wastani wa asilimia 7. Nilikuwa nimeziona picha zake mara nyingi na kuusifu uzuri wake, lakini sikuwa nimemwelewa Parietti hadi miguu yangu ilipoeleza kwamba mlima huu haubadilikibadiliki. Mwinamo unakaribia kuwa ule ule kutoka kona hata kona, kwa hiyo unachagua giya moja, unatulia, na unapumua kwa mpango. Hayo ni maarifa ya mhandisi yanayofika mwilini bila maneno. Na kila unapogeuka kona ukitazama chini, bahari iko pale pale, ya buluu, ikizidi kuwa mbali.

Njia ya pili ningependa uijue kwa sababu ya mbio. Milano–Sanremo ilianza mwaka 1907 na ina urefu unaokaribia kilomita 300, kutoka tambarare za kaskazini mwa Italia hadi pwani ya Liguria. Hakuna anayeiweka sebuleni yote, na wala haihitajiki: sehemu ya mwisho inatosha. Barabara inafuata bahari, inapanda na kushuka rasi ndogo tatu, kisha kinakuja kilima cha Cipressa, kilichoongezwa mwaka 1982, na mwisho kilima cha Poggio, kilichoongezwa mwaka 1960. Poggio ni kilomita 3.7 tu, kwa wastani usiofika asilimia 4, baina ya vibanda vya vioo vinavyolimiwa maua. Ukikiona kilima hicho ukiwa hujachoka utadhani watu wanakikuza bure. Fanya hivi, uone: tanguliza saa mbili za mwendo mzito, ndipo ukipande. Huko ndiko Raymond Poulidor alikopata ushindi mwaka 1961, na mjukuu wake, Mathieu van der Poel, akaja kushinda mbio hizo hizo mwaka 2023. Ninapopita kona za juu, pale mji wa Sanremo unapoonekana chini, huwa nafikiria jambo hilo la babu na mjukuu kwenye lami ile ile, na nakanyaga zaidi.

Ya tatu ni ya bara letu, na nakiri naipenda kuliko zote. Chapman's Peak, karibu na Cape Town, inatoka Hout Bay hadi Noordhoek, kilomita tisa zenye kona 114, imechongwa ubavuni mwa jabali juu ya Bahari ya Atlantiki na kufunguliwa mwaka 1922. Mawe yalikuwa yakiwaangukia wapita njia, hata barabara ikafungwa mwaka 2000. Ilipofunguliwa tena mwishoni mwa 2003 ilikuwa imewekewa nyavu za chuma na sehemu iliyoezekwa kwa zege. Vitu hivyo vyote unavipita kwenye skrini, na unajua ni kwa nini vipo. Barabara hii ni sehemu ya Cape Town Cycle Tour, mbio za baiskeli za kilomita 109 zilizoanza mwaka 1978. Jambo linalonigusa, ambalo huenda mtu wa hapa asiliwazie, ni kwamba kamera inapita upande wa kushoto wa barabara, kama tunavyopita sisi nyumbani. Ulaya yote niliyoiendesha kwenye skrini ni ya upande wa kulia. Pale Chapman's Peak mwili unatulia wenyewe.

Sitaki udhani nimesahau yasiyopatikana. Upepo haupo, na pwani bila upepo ni nusu ya pwani. Cape Town wenyewe waliwahi kuzifuta mbio zao, mwaka 2017, kwa sababu ya upepo uliokuwa ukiwaangusha watu na baiskeli zao, lakini mashine yangu haijui kusi wala kaskazi. Feni inapoza jasho, basi. Harufu ya chumvi haipo, na jua la kwenye skrini halimpashi mtu joto. Mteremko ndio ulio hafifu kuliko yote, kwa maana hofu ya kushuka kona kali haiigiziki, na mtu aliyejifunza kupanda kwa njia hii asijidanganye kwamba amejifunza kushuka.

Sasa ombi. Katika programu ninazozitumia nimeikuta Mallorca kwa wingi, na Italia, na Ufaransa, na pwani za Australia. Unguja sijaiona. Wageni wanaokuja kwako wakirudi makwao wanakaa miezi ya baridi wakipanda milima ya Hispania sebuleni, na pwani yetu inabaki kuwa picha ya ufukweni kwenye simu. Jambo hili linaniuma, na lina dawa, kwa sababu Kinomap inapokea video za watu wa kawaida, mradi ziambatane na rekodi ya njia ya GPS. Wewe una kamera ya kufunga kwenye usukani, una miguu, na unazijua barabara hizo.

Najua utasema kisiwa chetu hakina milima. Ni kweli, na sioni kama ni kasoro. Si kila mtu anatafuta Sa Calobra. Wazee, wanaopona magonjwa, na hata mimi siku ya mapumziko, tunahitaji barabara ya kukanyaga taratibu huku jicho likipata cha kutazama. Ningependa uanze na ile itokayo Michamvi kuelekea kusini kupitia Bwejuu na Paje hadi Jambiani. Ukielekea kusini bahari inakuwa mkono wako wa kushoto, upande ule ule unaopita, hivyo popote lami inapokaribia ufuko kamera itaiona. Lami haiigusi bahari kila mahali, tena sehemu nyingi inapita nyuma ya minazi na nyumba, nami nakusihi usizikate sehemu hizo. Irekodi njia yote mara mbili siku za bamvua: asubuhi ya saa nne, maji yakiwa yamekupwa na kina mama wakiwa kwenye mwani, na alasiri ya saa kumi, maji yakijaa na jua likiwa limehamia nchi kavu na kuiangaza bahari yote. Baadaye, ukipata nafasi, rekodi njia ya kutoka Mjini kupitia Tunguu na msitu wa Jozani, ukipunguza mwendo kwenye matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, ili mwendeshaji wa huku naye aulize kwa nini matuta yapo msituni.

Mambo machache ya ufundi. Usisimame njiani, kwani kila kituo kinavuruga kipimo. Kamera iwe imara na ielekee mbele, na mstari wa upeo wa bahari usilale upande. Washa GPS dakika chache kabla ya kuanza ili ishike vizuri. Waarifu masheha wa Bwejuu na Paje mapema, na kina mama wa mwani uzungumze nao wewe mwenyewe; asiyependa kuonekana, tumwache nje ya picha. Video zitakuwa kubwa, kwa hiyo usipoteze fedha kuzituma kwa mtandao wa simu. Binamu yangu anakuja huku mwezi wa Machi, mpe kwenye kadi ya kumbukumbu, nami nitaziunganisha na rekodi za njia, nizijaribu kwenye mashine, kisha nikuandikie mahali ambapo mwinuko haulingani na picha ili uparudie. Jina lako ndilo litakalowekwa kama mrekodi wa njia.

Nifikishie salamu kwa mama, kwa shemeji, na kwa vijana wote wa karakana.

Wako akupendaye,
Khamis