Shukrani kwa fundi wa bomba kuu

Sikukuuliza jina, na hilo linaniuma hadi leo. Ulifika siku chache baada ya mkataba wa amani kutiwa saini, pampu ikiwa upande wao, tangi likiwa upande wetu, na kila upande ukiamini mwenzake ndiye aliyekata maji. Wewe hukuuliza nani alianza. Ulisubiri wategua mabomu wamalize kuipita njia ya bomba, kisha ukapiga magoti shimoni, ukaikwangua valvu kutu mpaka ikakubali kuzunguka, robo kwa robo.

Maji yalitoka mekundu. Tulitaka kukinga ndoo palepale. Ukatuzuia kwa upole lakini bila kulegea. Kwanza bomba lisafishwe, litiwe klorini, likae saa 24, ndipo lisuuzwe tena. Tulinung'unika sana, nisamehe. Asante kwa hilo kuliko yote, maana hakuna mtoto wetu aliyeugua.

Na asante kwa kumfundisha kijana mmoja wa kila upande kusoma geji ya presha. Bado wanapigiana simu kila asubuhi kabla ya kuwasha pampu.