Mshale kukaa katikati si dawa

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi kimya kimya, lakini habari ile ya wiki iliyopita kuhusu vifaa vya ndege "kudanganya" wakati wa kutua imenishinda. Eti kifaa kikiharibika taa nyekundu inawaka, rubani anakizima, anatua kwa macho. Laiti!

Taa ikiwaka, rubani ameshaambiwa. Kazi ipo pale kifaa kinapodanganya bila haya. Apia, Samoa, Julai 2000, usiku: mtambo wa ardhini unaorusha mawimbi ya mteremko wa kutua uliachwa katika hali ya matengenezo. Ukawa unarusha ishara ya msingi tu, bila zile zinazomwambia rubani "umezidi juu" au "umezidi chini". Kifaa kisipoona tofauti husoma "uko sawa", popote ulipo. Kwa hiyo ndege ya Air New Zealand ikashuka, mshale wa kifaa katikati kabisa, bila bendera ya hitilafu (alama inayotokea kifaa kikikosa ishara) hata moja. Walichoponea marubani ni taa za nje zilizokaa pasipo pake, na hesabu ya darasani: mteremko wa nyuzi 3 ni takriban futi 300 kwa kila maili ya baharini. Maili 6 kabla ya uwanja ndege ilitakiwa iwe zaidi ya futi 1,800; ilikuwa inakaribia 400. Wakaongeza nguvu, wakapanda. Nyie mngeandika "bahati".

Amsterdam 2009 wengine hawakupona. Altimeta ya redio ya kushoto (kifaa kinachopima kimo kutoka ardhini) ilisoma futi 8 chini ya sifuri ndege ikiwa karibu futi 2,000 hewani; mfumo wa injini ukadhani imegusa lami, ukashusha nguvu hadi mwisho. Altimeta ya kulia ilikuwa nzima! Spidi ikaporomoka hadi usukani ukatetemeka, onyo kwamba ndege inakaribia kuanguka. Watu 9 wakafa.

Tena msicheke, maana daladala zetu nazo zina spidomita zilizolala sifuri kuanzia Mbagala hadi Kariakoo. Afadhali hizo, kila abiria anajua zimekufa.

Ombi langu: bandikeni karatasi juu ya meza ya chumba cha habari. Maili 10 kutoka uwanjani, kimo futi 3,000. Maili 5, futi 1,500. Maili 3, futi 900. Chini yake, kwa wino mwekundu: kukosea shinikizo la hewa unapoweka altimeta kwa hektopaskali 10 (kipimo cha shinikizo hilo) ni kukosea kimo kwa takriban futi 280, zaidi ya mwinuko mzima wa Uwanja wa Julius Nyerere kutoka usawa wa bahari. Mkiishiwa gundi, semeni, nitaleta.

Msomaji wenu,
Ukonga, Dar es Salaam