Si kila ndege inayogeuka angani imepinduka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna tunavyotaja migeuko ya ndege ndogo katika sarakasi za angani. Majuzi, hapa Dodoma, nilikuwa nikitazama maonyesho ya ndege kwenye televisheni pamoja na mama yangu, na kila rubani alipogeuza ndege mtangazaji alisema "imepinduka". Mama, ambaye kwake kilichopinduka ni basi lililoanguka barabarani, alishika kifua akauliza kama rubani amepona.

Nafundisha fizikia, na darasani hutumia ndege ya karatasi. Ipandishe pua na kuirudisha nyuma kwa nusu duara mpaka tumbo litazame juu, kisha ibingirishe nusu ikae sawa: imeelekea ilikotoka, lakini iko juu zaidi. Huo ni mgeuko wa Immelmann, uliopewa jina la Max Immelmann, rubani Mjerumani aliyekufa vitani mwaka 1916. Sasa anza kwa kuilaza chali, kisha pua ishuke nusu duara. Nayo itaelekea ilikotoka, ila chini zaidi. Huu marubani huuita spliti-esi. Kwa mtazamaji migeuko hii hufanana, kumbe mmoja huongeza kimo na mwingine hukila, na katika mji kama wetu, ulio takriban meta 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ya mchana wa jua kali huwa nyepesi, ndege huhitaji nafasi kubwa zaidi ili kuinuka tena.

Upo pia ule ninaoupenda kuliko yote: ndege hupanda wima mpaka kasi ikaribie kwisha, rubani akakanyaga pedali ya usukani wa mkia, bawa moja likapita juu ya jingine, na ndege ikashuka kwa njia ileile iliyopandia. Waingereza huuita kwa jina linalodokeza kuwa mabawa yamepoteza nguvu ya kuinua, jambo ambalo si kweli. Wamarekani husema kichwa cha nyundo, na hilo ndilo ningependa tulichukue.

Nawaomba waandishi wetu, kabla ya kuandika, watazame pua ilianza kwenda wapi, tumbo lilitazama juu wakati gani, na ndege ilimaliza ikiwa juu au chini ya ilipoanzia. Neno "kupinduka" tuliachie ajali.

Mwalimu wa Fizikia,
Dodoma