Mwangalie fizi mama kabla hujamsema

Shoga yangu Mwajuma,

Habari za Mbagala, watoto hawajambo? Huku Tandika tuko salama. Ile voisi yako ya juzi usiku imenikaa kichwani, ulivyokuwa unalia kwamba sukari ya mama haishuki na unahisi anakula vitu kwa siri, maana hayo maneno na mimi niliyasema. Nilimsema mama yangu mpaka akaninunia siku mbili, na bado roho inaniuma.

Kumbe tatizo lilikuwa mdomoni. Akipiga mswaki anatema damu, anasukutua na maji ya chumvi anasema ndo uzee. Na kutafuna kulikuwa kunamuuma, kwa hiyo dona na matembele anasogeza pembeni, anakula mkate mweupe kauchovya kwenye chai, uji, wali wa kupondwa, yaani vile vile vinavyopandisha sukari, wala hakuwa na siri yoyote. Mi naishi naye nyumba moja sikuona. Na kliniki ya sukari kahudhuria miaka sita, wanampima wanampa dawa, hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia mama hebu fungua mdomo tuone, hilo linaniudhi mpaka leo.

Jino moja la mbele chini likaanza kucheza, ndo tukaenda kwa daktari wa meno. Yule dada kabla hajashika chochote akauliza, "Mama una sukari?" Akatueleza kwamba sukari ikiwa juu mwili unashindwa kupambana na bakteria wa kwenye fizi, fizi zinavimba, mfupa unaoshika jino unaliwa taratibu, alafu ule uvimbe nao unafanya insulini, ile inayoshusha sukari mwilini, isifanye kazi vizuri, sukari inazidi kupanda. Akaanza kukwangua ugaga, shoga, vipande nikaviona kwenye pamba, vigumu, vya kahawia kama ukoko uliong'ang'ania sufuria, na mama kashika kanga yangu hajaiachia mpaka mwisho.

Tulirudi mara mbili. Lile jino ilibidi litolewe, mengine yamekaa. Kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kilikuwa asilimia 9.4, cha juzi 8.6. Siwezi kukwambia ni fizi peke yake, maana sa hizi anatafuna matembele yake na maharage na dawa hajaacha, ila daktari alisema kutibu fizi kunashusha sukari kidogo, na hicho kidogo mi nakitaka.

Leo usiku muombe mama akuonyeshe mdomo, mulika na tochi ya simu, taratibu, asijione anakaguliwa. Angalia fizi nyekundu, zinazotoa damu, au zilizorudi nyuma mpaka jino linaonekana refu. Siku ya kwenda ale na anywe dawa kama kawaida, usimpeleke na njaa, beba na daftari lake la kliniki. Wakikimbilia kung'oa, uliza kwanza kama jino linaweza kuokolewa. Na ukiona shavu limevimba ana homa au anashindwa kumeza, usisubiri kukuche, nenda hospitali usiku huo huo.

Jumamosi saa mbili asubuhi ntakuwa kwenu twende wote. Mama naye anakuja, anasema atakaa na mama yako asiiogope ile mashine ya kukwangulia ugaga.

Wako,
Rehema