Stauti ya koki, ya chupa, na ya Dublin: majibu yetu kwa wenye baa

Simu nyingi tunazopigiwa na wenye baa zenye koki ya stauti, ile bia nyeusi, hazihusu koki iliyoharibika. Mtambo unafanya kazi, gesi ipo, bia inatoka. Shida ni mteja mmoja mzoefu, mara nyingi aliyewahi kufika Dublin, mji mkuu wa Ireland, anayekunywa nusu glasi kisha anaisogeza pembeni na kusema hii siyo yenyewe. Kesho yake anakuja mwingine na lawama za upande wa pili: yeye amezoea ya chupa, na hii ya koki anaiona maji matupu. Mwenye baa hajui amsikilize nani, ndipo anapotutafuta sisi tunaofunga na kusafisha mitambo ya bia.

Tuanze na huyu wa pili, maana hapo hakuna mwenye kosa. Stauti ya koki na ya chupa ni bia mbili, hata kama jina kwenye lebo ni moja. Chukua Guinness, ambayo wengi wanaitumia kupimia stauti nyingine zote. Ile ya koki ina kilevi cha asilimia 4.2 hivi. Foreign Extra Stout, ile ya chupa inayouzwa sana Afrika, Asia na Karibiani, katika nchi nyingi hufika asilimia 7.5. Asili yake ni bia iliyotengenezwa Dublin mwanzoni mwa karne ya 19 kwa safari ndefu ya meli hadi Karibiani. Iliongezwa hopsi (maua yanayoitia bia uchungu) na kilevi ili ifike bila kuharibika. Aliyekulia kwenye chupa hiyo akipewa ya koki, lazima aione nyepesi, kwa sababu kweli ni nyepesi. Kinachomchanganya ni macho. Glasi ni nyeusi tii, povu limejaa juu kama krimu, naye anajiandaa kunywa kitu kizito. Kumbe weusi ule unatokana na shayiri iliyokaangwa, na kiasi kidogo tu cha shayiri hiyo kinatosha kuitia rangi bia nzima. Rangi haina habari na uzito wala na kilevi.

Kuna na suala la gesi, na hapa ndipo penye mambo.

Chupa ya kawaida ina kabonidioksidi peke yake. Gesi hiyo inayeyuka vizuri ndani ya bia, na ikishayeyuka inatoa asidi kidogo. Ndiyo ule mchomo unaousikia ulimini. Kwenye stauti mchomo huo unakutana na uchungu wa shayiri iliyokaangwa, na viwili hivyo vinachocheana: bia inakuwa kali, kavu, yenye harufu ya kahawa inayopanda puani. Wapo wasiotaka nyingine zaidi ya hiyo, nasi hatuwalaumu. Bia ya koki kabonidioksidi yake ni kama nusu tu ya ile ya chupa, na imeongezewa naitrojeni. Naitrojeni haipendi kuyeyuka. Ikipata nafasi tu inatoka, na inatoka kwa viputo vidogo mno, haiachi asidi nyuma yake. Kwa hiyo uchungu unashuka, utamu wa kimea unasikika, na bia inapita kooni taratibu. Harufu nayo inapungua. Hiyo ndiyo gharama yake, na wauzaji wa koki hawapendi kuitaja.

Mpango huu wa naitrojeni haukutoka kwa mpika bia. Michael Ash alikuwa mwanahisabati aliyeajiriwa na Guinness, na mtambo uliotokana na kazi yake uliingia sokoni mwaka 1959, miaka 200 tangu mwanzilishi Arthur Guinness akodi kiwanda cha St. James's Gate, Dublin. Kabla ya hapo baa za Ireland zilitumia mapipa mawili. Moja lilikuwa na bia iliyotulia, jingine bia changa yenye nguvu ya povu. Mhudumu alijaza glasi kwa pipa moja, akasubiri, kisha akamalizia kwa jingine. Desturi ya kumimina mara mbili imetoka huko. Leo pipa ni moja, lakini kusubiri bado kuna maana: povu linapata nafasi ya kujitenga na bia, na mhudumu anaona ajaze hadi wapi. Kampuni yenyewe imekuwa ikitangaza kwamba glasi kamili inachukua sekunde 119.5. Hiyo nusu sekunde hutuchekesha. Lalisha glasi kwa nyuzi kama 45, jaza hadi robo tatu, iache itulie, malizia ikiwa wima. Saa ya kupimia huihitaji.

Ndani ya koki ya stauti kuna kisahani kidogo chenye matundu membamba. Bia inasukumwa kwa presha kubwa, inabanwa kwenye matundu hayo, na naitrojeni inalazimika kutoka palepale. Ndiyo maana glasi ikiwekwa mezani unaona wimbi la rangi ya kahawia linashuka ukutani. Viputo vya katikati vinapanda na kuvuta bia juu. Bia hiyo inarudi chini kando ya kioo na kuviburuta viputo vidogo vilivyo pembeni. Wimbi hilo lisipoonekana, au likionekana kwa sekunde chache tu na kupotea, kuna kitu hakiko sawa, na unaweza kukijua kabla hata ya kuonja.

Kosa tunalolikuta zaidi ni la mtungi wa gesi. Baa ina koki za laga, ile bia ya njano ya kawaida, zinazotumia kabonidioksidi, inaongeza koki ya stauti, na fundi wa kuokotaokota anaiunganisha kwenye mtungi uleule. Siku ya kwanza hakuna anayeona tofauti. Kadiri siku zinavyokwenda kegi, yaani pipa la bia, inafyonza kabonidioksidi, povu linakuwa la viputo vikubwa, bia inaanza kuuma ulimi, na mwisho koki inatema povu tupu. Stauti ya aina hii inataka mchanganyiko wa gesi ulioandaliwa kwa ajili yake, kwa kawaida asilimia 75 naitrojeni na 25 kabonidioksidi, kwenye presha ya pauni 30 hadi 35 kwa inchi ya mraba. Laga ikipewa presha ya namna hiyo kwa gesi yake ya kawaida ni balaa. Na kegi ya stauti ikishafyonza gesi isiyo yake, kubadilisha mtungi peke yake hakuirudishi ilivyokuwa siku hiyohiyo.

La pili ni uchafu, na hapa stauti ni msiri sana. Laga ikipitia mpira mchafu, ule unaoleta bia kutoka kwenye kegi hadi kwenye koki, mteja anaona ukungu kwenye glasi na kuirudisha. Kwenye bia nyeusi haoni kitu. Anasikia tu ladha ya siki kwa mbali, au ya siagi iliyochacha, anadhani ndivyo stauti ilivyo, na harudi tena. Tukifungua koki ambayo haijaguswa muda mrefu, kisahani kile tunakikuta na utando wa kijivu unaoteleza, nusu ya matundu yameziba, na harufu ya siki inakupokea kabla hujakisogeza puani. Ndani ya mpira kunakuwa na chachu, bakteria, na gamba gumu la chokaa linaloachwa na bia yenyewe. Gamba likishajenga, vijidudu vinapata pa kujificha na dawa ya kawaida haivifikii. Sisi tunasafisha kila baada ya wiki mbili kwa uchache, na kila wiki kwa baa zinazotaka hivyo: dawa ya kuosha mipira inazungushwa, maji safi yanapitishwa hadi dawa iishe kabisa, na koki inavuliwa, inalowekwa, inapigwa brashi kipande kwa kipande. Kupitisha maji tu kwenye mpira ukisema umeosha ni kujidanganya.

Glasi nayo ina lake. Mafuta yanaua povu. Glasi zikioshwa kwenye karai moja na sahani za chakula, au zikifutwa kwa taulo la jikoni, koki bora duniani haikusaidii. Lowesha glasi safi kwa maji: yakitanda sawasawa ni safi kweli, yakijikusanya matonematone kuna mafuta. Halijoto iwe kati ya nyuzi 5 na 8 za Selsiasi. Kuna wanaoshusha karibu na barafu kwa kuwa wateja wanapenda baridi. Bia itakuwa baridi, ladha yake hataisikia mtu.

Sasa yule wa Dublin. Je, anasema kweli, au ni kumbukumbu ya safari inamdanganya?

Mwaka 2011 jarida la Journal of Food Science lilichapisha kazi ya watafiti wanne waliokunywa Guinness ya koki katika miji 33 ya nchi 14 na kuipa alama. Ireland ilipata wastani wa 74 kwa 100, kwingine 57. Watafiti wenyewe walieleza udhaifu wa kazi yao: walikuwa wanajua wako wapi wanapokunywa, na mtu akijua yuko Ireland tayari ulimi umeshahongwa. Hata hivyo tofauti hiyo sisi tunaiamini. Tusichokiamini ni sababu zinazotolewa mezani.

Ya kwanza huwa ni maji. Watu husema siri iko kwenye maji ya mto Liffey unaopita Dublin. Kiwanda hakipikii maji ya Liffey ya mjini. Maji yake hutoka upande wa milima ya Wicklow. Tena, kiwanda cha Guinness cha Park Royal, London, kilifungwa mwaka 2005, na tangu hapo ya koki inayonywewa London imekuwa ikipikwa St. James's Gate. Anayesema ya London si kama ya Dublin anazungumzia bia iliyotoka kwenye matangi yaleyale.

Kilichobadilika ni kila kitu baada ya tangi. Katika baa yenye watu Dublin kegi inafunguliwa na kuisha siku hiyohiyo. Bia hailali kwenye mpira. Mhudumu anamimina stauti tangu asubuhi, mkono wake unajua. Mipira inaoshwa kwa ratiba, kwa sababu mteja wa pale akipewa mbovu anasema papo hapo. Sasa chukua kegi hiyohiyo, ipandishe meli, iache bandarini juani, iingie ghala lisilo na ubaridi, ifike baa inayouza glasi chache kwa wiki. Oksijeni kidogo iliyobaki ndani inafanya kazi yake polepole, na joto linaiharakisha. Ladha ya kahawa inafifia, inaingia ladha ya kadibodi iliyolowa. Umbali wenyewe hauna ubaya. Muda na joto ndivyo vinavyoua. Kwa hiyo mwenye baa aliye mbali sana na Ireland anaweza kutoa glasi nzuri kuliko baa ya uchochoroni ya Dublin yenye mpira mchafu. Tumeonja za namna hiyo.

Kwa upande wa chupa, hoja ya kuwa karibu na chanzo inageuka kabisa, kwa kuwa bia yenyewe mara nyingi haipikwi Dublin. Foreign Extra Stout hupikwa katika nchi nyingi, na Dublin hutuma kiini kizito cha rangi na ladha ambacho kinachanganywa na bia iliyopikwa hukohuko. Nigeria ilipata kiwanda chake Ikeja mwanzoni mwa miaka ya 1960, na bia yake ikaja kutumia mtama. Aliyezoea hiyo akifika Dublin na kupewa ya koki anaweza kuuliza imechanganywa na nini. Ukitaka chupa nzuri, tafuta iliyotoka kiwandani karibuni, ikahifadhiwa wima, gizani, mahali pa baridi. Kilevi na hopsi nyingi vinaipa uvumilivu kuliko ya koki, lakini chupa iliyokaa dirishani inapigwa na mwanga ni ya kukwepa, iwe nyeusi kiasi gani.

Kuna pia kopo lenye kidude cha plastiki ndani, lililoingia sokoni mwaka 1988. Kidude kinabeba naitrojeni kidogo. Ukifungua kopo presha inashuka ghafla, gesi inafyatuka na kuisukasuka bia yote, povu la koki linapatikana bila koki. Lipoze vizuri, limimine lote kwa mkupuo kwenye glasi. Ukilinywa kutoka kwenye kopo umelipa gharama ya kidude bure.

Tunalitaja kopo hilo kwa makusudi, ingawa halituingizii kitu. Kama kegi moja itakuchukua zaidi ya mwezi kuimaliza, usifunge koki ya stauti. Uza makopo na chupa. Wateja wako watakunywa bia nzuri zaidi, nawe hutalipia mtambo wa kumwaga bia chooni. Tumeshawakatalia watu kazi kwa sababu hiyo.

Kama koki unayo tayari na malalamiko yameanza, kabla ya kutupigia angalia vitu vinne: tarehe iliyoandikwa kwenye kegi, siku iliyofunguliwa, maandishi ya mtungi wa gesi, na namba inayoonyeshwa na mshale wa presha. Mara nyingi tukisomewa hayo kwenye simu tunajua tubebe nini. Na tafadhali usioshe koki haraka haraka kwa kuwa mafundi wanakuja. Tuachie ilivyo, tuone kisahani kimezibwa na nini.