Ukulele si mbovu, tazameni pale nyuzi zinapolalia

Mhariri,

Msomaji mmoja ameandika katika safu hii kwamba shule ziache kununua ukulele, vile vigitaa vya nyuzi nne, kwa kuwa ni midoli isiyoshika sauti. Nafundisha watoto muziki hapa Tanga na naomba kumpinga. Nyingi ya zile zinazotupwa stoo hazina ugonjwa mwingine ila kile kipande chembamba cheupe kilichochomekwa darajani, yaani kwenye kibao kilichobandikwa juu ya tumbo la chombo, ambacho nyuzi hukilalia. Sisi tunakiita mfupa, hata kikiwa cha plastiki.

Mtoto anatyuni nyuzi nne, G, C, E na A, zote zimekaa sawa. Akianza kubana kwenye freti za juu, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, kuelekea tumboni, uzi wa C unapanda kupita kiasi, na hapo anaambiwa hana sikio. Sikio analo, ndiyo maana anakunja uso! Uzi ukibanwa unavutika, ukivutika unakaza, na ukikaza sauti inapanda. Wa C kwa kawaida ndio mnene kuliko wenzake, nao ndio unaozidi. Dawa yake ni kuurefusha kidogo kwa kurudisha nyuma, mbali na shingo, pale unapolalia. Kwenye soprano, ile ukulele ndogo ya kawaida, ambayo uzi wake una sentimita 35 hivi kutoka mwanzo wa shingo hadi darajani, ukirudisha milimita 1 na kutyuni upya, freti ya 12 inashuka karibu senti 5, katika senti 100 zinazofanya nusu toni. Kwenye gitaa la sentimita 65 milimita hiyohiyo haifikishi hata senti 3. Kwa hiyo mfupa ulionyooka tu, ambao gitaa linaweza kuuvumilia, kwenye ukulele unasikika mara moja. Mpiga udi wa taarab hana shida hii, kwani udi hauna freti na kidole chake kinasahihisha papo hapo. Mtoto wa ukulele amefungwa na freti.

Kupima ni rahisi. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana, upige usikie ule mlio mwembamba, kisha bana hapohapo upige tena. Wa pili ukiwa juu, kilele cha mfupa, pale hasa uzi unapolalia, kirudi nyuma. Ukiwa chini, kisogee mbele. Ila kwanza funga nyuzi mpya, na hakikisha vijinjia vinavyopitisha nyuzi kule mwanzo wa shingo vimechimbwa vya kutosha, maana vikiwa juu mno freti ya kwanza itapotoka na mfupa hautaiponya.

Mimi natumia mfupa wa paja la ng'ombe kutoka bucha. Nauchemsha mafuta yatoke, naukausha vizuri, naukata kwa msumeno wa chuma na kuusugua kwa msasa mpaka uingie kwenye mfereji wake bila kucheza. Gundi sitii. Kisha kwa tupa ndogo nachonga kilele cha kila uzi peke yake: wa C naupeleka ukingo wa nyuma kabisa, hizo tatu nyingine naziamua kwa kusikiliza, nikisugua kidogo na kupima tena.

Wanunuzi wa shule wafanye kipimo cha freti ya 12 palepale dukani, na muuzaji asinune. Na mwalimu mkuu mwenye ukulele stoo asizitupe. Amtafute seremala mwenye tupa ndogo na mkono mtulivu, ampe barua hii asome.

Mwalimu wa muziki,
Tanga